Je, Wajua? Jani la Ukoo wa Mwembe Linalowasha Wiki Tatu

Je, wajua kwamba mwembe na mkorosho wana ndugu yao Amerika Kaskazini ambaye kila mwaka hupeleka watu hospitalini wakiwa na uso uliovimba hadi macho hayafunguki? Wamarekani huuita mmea huo poizoni aivi. Kwa wanasayansi ni Toxicodendron radicans, nao wameuweka katika ukoo wa Anacardiaceae, ukoo uliopewa jina kutokana na mkorosho wenyewe, Anacardium occidentale. Mwembe umo humo, mng'ongo umo, pistachio zimo. Wengi wa ukoo huu wamerithishana mafuta ya jamii moja, yanayokaa kwenye utomvu, ganda au jani, na ambayo ngozi za watu wengi haziyavumilii.

Mmea wenyewe hauoti Afrika Mashariki. Lakini ndugu zetu kwa maelfu sasa wanaishi unakoota: Ohio, Maryland, Texas, Kentucky, Minnesota, hadi Ontario nchini Kanada. Wengine wanafanya kibarua cha kukata majani na kusafisha viwanja, wengine wamepata kipande cha bustani cha kulima mchicha na maharage, wengine wanatembeza watoto kwenye njia za msituni siku ya Jumapili. Aliyekulia Muheza au Bukavu aliujua upupu tangu utotoni, maana kila mtu mzima alimwonya. Huu hakuna aliyemwonya.

Miongoni mwa Waingereza wa mwanzo kuuandika alikuwa Nahodha John Smith wa Virginia, katika kitabu chake cha mwaka 1624. Aliuona unafanana na aivi ya kwao, mtambaazi unaopanda kuta za majumba ya kale, na jina limebaki ingawa mimea hiyo miwili haina udugu wowote. Smith alieleza kwamba wekundu, mwasho na malengelenge huja, kisha baada ya muda hupita vyenyewe. Kwa walio wengi ni kweli. Wapo wachache ambao kwao maneno hayo si faraja hata kidogo, na hao ndio ninaowafikiria zaidi ninapoandika makala hii.

Je, wajua namna ya kuutambua? Majani yake hukaa matatu matatu. Angalia lile la katikati: kikonyo chake ni kirefu kuliko vya yale mawili ya pembeni, ambayo hukaa karibu kabisa na mahali yanapokutana. Vikundi hivyo vya majani matatu hupishana kwenye shina, kimoja huku kingine kule, wala havitazamani. Shina halina miiba. Zaidi ya hapo mmea huu hauna sura moja: kingo za jani zinaweza kuwa na meno au zikawa laini, jani likang'aa au lising'ae, mmea ukatambaa chini, ukawa kichaka, au ukapanda mti mkubwa kwa shina nene lililojaa vinyweleo vingi vya hudhurungi. Majira ya kupukutisha majani yakifika, hugeuka mwekundu na wa rangi ya chungwa, mzuri wa kuvutia, na watu huukata wakapambie nyumba. Wakati wa baridi majani yote yamekwisha, limebaki shina lenye vinyweleo, nalo lina mafuta yaleyale. Aliyekata kuni mwezi Januari akapata vipele hana haja ya kushangaa.

Jani zima lisilochubuka huenda lisikudhuru ukiligusa. Mafuta yamo ndani ya mifereji ya jani, shina na mzizi, na hutoka pale tu mmea unapojeruhiwa. Shida ni kwamba jani hili ni laini mno; mdudu akilitoboa, upepo ukilisugua, kiatu kikilikanyaga, tayari. Mafuta hayo huitwa urushioli. Yakiwa mabichi hayana rangi au yana umanjano hafifu, na yakikaa hewani hugeuka kahawia, kisha meusi. Wanaoujua mmea huu huitumia tabia hiyo kuutambua: wakiwa wamevaa glavu, hulisaga jani ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa, wakangoja. Doa likigeuka jeusi, shaka imekwisha. Kiasi kinachotosha kumwasha mtu mwenye mzio ni kama mikrogramu 50, uzito usiozidi wa punje moja ya chumvi ya mezani.

Je, wajua kwamba mafuta ya jamii hiyohiyo ndiyo yanayong'arisha mabakuli na masanduku ya thamani ya Japani? Mlaka, yaani Toxicodendron vernicifluum, hukwanguliwa gome utomvu ukatoka, utomvu ukapakwa juu ya mbao tabaka kwa tabaka, ukakauka ukawa mgumu, mweusi, usiopitisha maji. Jina la urushioli limetoka huko, na aliyefumbua muundo wake mwanzoni mwa karne ya 20 ni mwanakemia Mjapani, Rikō Majima. Laka ikikauka sawasawa haina neno. Isipokauka vizuri ni balaa: baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi wa Marekani waliokuwa Japani walipata vipele mikononi kutokana na kaunta za baa zilizopakwa laka, na wengine wakavipata mapajani, kutokana na viti vya choo. Wenzao waliokuwa India waliwashwa shingoni na kiunoni, pale ambapo dobi alikuwa ametia alama kwenye nguo kwa wino wa kokwa la Semecarpus anacardium, mti mwingine wa ukoo huuhuu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu wengi hawalijui, na wangelijua wasingejilaumu wala kulaumiana. Urushioli haichomi ngozi kama tindikali. Inapenya kwenye ngozi ndani ya dakika chache na kujishikiza kwenye protini za mwili wako. Chembe zinazolinda ngozi zinaziona protini hizo zimebadilika, zinazihesabu kuwa ngeni, zinapeleka habari kwenye tezi za limfu, na huko seli T zinafundishwa kumtambua adui. Somo hilo huchukua siku kadhaa. Ndiyo maana mtu anayegusa mmea huu kwa mara ya kwanza katika maisha yake mara nyingi haoni kitu, au anaona vipele baada ya wiki moja mpaka tatu, wakati amekwishasahau kabisa alikopita. Mara ya pili seli zimekwishajifunza. Vipele huja ndani ya siku moja au mbili, vikali zaidi. Maumivu yote, uvimbe wote, maji yote yanayotoka, ni kazi ya kinga ya mwili inayoshambulia ngozi yake yenyewe.

Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba ameng'oa mmea huu kwa mikono mitupu mwaka jana asipate kitu, anakueleza habari za mwaka jana. Inakadiriwa kwamba Wamarekani 85 katika kila 100 wana mzio huu au wataupata wakiguswa na mafuta ya kutosha. Wapo wachache ambao maisha yao yote hauwapati, lakini hakuna alama ya kuwatambua, na aliyekuwa salama miaka 20 anaweza kubadilika. Mhamiaji aliyefika juzi yuko katika hali ya hatari kwa namna yake: mara ya kwanza inampita kimya kimya, anajiona ana ngozi ngumu, anarudi kichakani bila glavu.

Je, wajua kwamba dakika kumi za kwanza ndizo zenye thamani kubwa kuliko dawa zote za baadaye? Madaktari wa ngozi hukadiria kwamba ukiosha ndani ya dakika 10 unaweza kuondoa kama nusu ya mafuta. Ukingoja nusu saa, utaondoa sehemu moja tu ya kumi. Hata hivyo osha, hata kama umechelewa, maana mafuta yaliyobaki juu ya ngozi yataenda usoni, kwenye jicho, au kwa mtoto utakayembeba.

Namna ya kuosha ina maana kuliko aina ya sabuni. Utafiti mmoja wa mwaka 2000 ulilinganisha dawa maalumu ya dukani, sabuni ya mafundi ya kutoa grisi, na sabuni ya kawaida ya kuoshea vyombo. Zote tatu zilisaidia, na tofauti kati yake haikuwa ya maana. Bei ndiyo iliyotofautiana sana. Basi chukua sabuni ya vyombo. Simama chini ya maji yanayotiririka, usijilowanishe kwenye beseni wala kwenye bafu la kulalia, maana mafuta yataelea na kukurudia mahali pengine. Mwaga sabuni juu ya ngozi, sugua kwa kitambaa chenye unyevu ukielekea upande mmoja, suuza, kisha anza tena, mara tatu hivi. Kitambaa ni muhimu. Vidole vitupu huyatandaza mafuta, na kwa kuwa hayaonekani mtu hudhani yametoka. Usisahau chini ya kucha, katikati ya vidole, nyuma ya masikio, chini ya saa na pete. Kitambaa hicho kifuliwe pamoja na nguo ulizovaa, mbali na nguo nyingine, kwa maji ya moto. Kamba za viatu, mpini wa panga, usukani wa gari na simu yako navyo vifutwe kwa sabuni, kwa sababu urushioli iliyokauka kwenye kifaa hukaa miaka ikiwa bado na nguvu. Mbwa aliyepita kichakani haimpati kwa kuwa manyoya humkinga, ila wewe unayemkumbatia itakupata.

Watu hujipaka petroli. Wengine hujimwagia klorini ya kufulia. Tafadhali usifanye hivyo; utaongeza jeraha juu ya jeraha.

Je, wajua kwamba maji yanayotoka kwenye malengelenge hayaambukizi? Hayana urushioli hata chembe. Ni maji ya mwili wako. Hayawezi kumwambukiza mke, mume wala mtoto, na hayasambazi vipele kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nyumba nyingi humtenga mgonjwa, akalazwa peke yake, akapewa sahani yake na kikombe chake, wakati anahitaji mtu wa kumkanda kwa kitambaa baridi. Vipele huonekana vinatambaa kwa sababu nyingine: penye ngozi nyembamba au palipopata mafuta mengi hutangulia, kama kope na ndani ya kiwiko, penye ngozi nene hufuata siku mbili tatu baadaye. Vikiendelea kuzuka baada ya wiki moja, tafuta kitu ndani ya nyumba ambacho hakijaoshwa. Mara nyingi ni kiatu.

Kwa mtu aliyeshambuliwa vikali, mambo huenda hivi. Siku ya kwanza au ya pili ngozi hupata joto na kuwasha, na mara nyingi mwasho hufuata mistari iliyonyooka, pale jani lilipokwaruza. Siku ya tatu mpaka ya tano malengelenge hujaa, yanaungana, yanapasuka, yanatoa maji ya manjano yanayoganda kwenye shuka. Usiku ndio mbaya zaidi. Wiki ya pili ngozi huanza kukauka na kujenga magamba, na mwasho bado upo. Wiki ya tatu kwa kawaida hufunga kazi.

Nyumbani, kinachosaidia ni ubaridi: kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji baridi, kimekamuliwa kidogo, kinawekwa juu ya sehemu inayowasha kwa dakika 15 hadi 30, kinaondolewa, baada ya saa chache kinarudishwa. Losheni ya kalamini husaidia kukausha. Kuoga maji ya uvuguvugu yaliyotiwa unga laini wa oti hutuliza. Malengelenge yasipasuliwe, kwa kuwa ngozi ya juu ndiyo kifuniko cha kidonda. Kata kucha ziwe fupi, na mtoto avalishwe soksi mikononi anapolala. Vidonge vya mzio, vile watu wanavyovijua kwa jina la Piriton, vinaweza kukuletea usingizi, na usingizi wenyewe ni nafuu kubwa, lakini havigusi chanzo cha mwasho huu, kwa kuwa hausababishwi na histamini. Krimu za kupaka zenye dawa ya mzio au ya ganzi ziachwe. Zinaweza kuanzisha mzio mwingine juu ya huu. Krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1 inayouzwa bila cheti cha daktari ni dhaifu mno kwa malengelenge makubwa. Ile yenye nguvu aiandike daktari, na isipakwe usoni wala sehemu za siri bila yeye kusema.

Nenda hospitali bila kungoja kesho ikiwa uso au macho yamevimba, ikiwa vipele viko mdomoni au sehemu za siri, ikiwa vimeenea karibu robo ya mwili au zaidi, ikiwa umepata homa au usaha, au ikiwa hulali kabisa. Ukipumua kwa shida au kushindwa kumeza, hilo ni la kupiga simu ya dharura palepale.

Hapa kuna jambo moja ambalo mgonjwa anapaswa kulijua na kulisema mbele ya daktari kwa heshima. Kwa shambulio kali, dawa inayofanya kazi ni steroidi ya kumeza, mara nyingi prednisoni au prednisoloni. Huanza kwa dozi kubwa, kisha hupunguzwa polepole kwa muda wa wiki 2 hadi 3. Pakiti ndogo ya siku tano au sita, ambayo wagonjwa wengi bado huandikiwa, mara nyingi haitoshi: mtu anapata nafuu siku ya tatu, dawa inaisha, vipele vinarudi kwa kishindo kwa sababu kinga ya mwili ilikuwa bado katikati ya kazi yake. Mgonjwa anadhani amegusa mmea tena. Uliza, "Dawa hii itanifikisha wiki ya pili?" Na kama una kisukari, shinikizo la damu, vidonda vya tumbo au ujauzito, liseme kabla dawa haijaandikwa, maana steroidi hupandisha sukari na shinikizo.

Je, wajua kwamba kwenye ngozi nyeusi wekundu ule unaoelezwa vitabuni unaweza usionekane kabisa? Badala yake ngozi huwa ya zambarau iliyofifia, ya kijivu, au nyeusi kuliko ilivyokuwa, na vipele huhisiwa kwa kidole kabla ya kuonekana kwa jicho. Picha nyingi za kufundishia zimepigwa kwenye ngozi za Wazungu. Mwenzetu akifika zahanati siku ya kwanza anaweza kuambiwa hana kitu. Mwoneshe daktari mistari, mwambie ulikuwa kwenye majani, mpe mkono aupapase. Na vipele vikishapona, mabaka meusi hubaki miezi kadhaa. Si ugonjwa unaoendelea wala si kovu. Hufifia yenyewe, na krimu za kujichubua ni kosa kubwa hapo.

Moshi wa poizoni aivi ni wa kuogopwa kuliko jani. Ukichoma mmea huu pamoja na takataka za bustani, urushioli hupanda na chembechembe za moshi, ikaingia machoni, kooni na mapafuni. Wazimamoto wa misitu huko California, ambako ndugu yake Toxicodendron diversilobum amejaa milimani, wanalijua hili vizuri. Usichome kamwe.

Nimesema mkorosho ni ndugu. Kati ya magamba mawili ya korosho ghafi kuna mafuta meusi mazito yenye asidi ya anakadi na kadoli, ya jamii moja kabisa na urushioli. Wareno waliuleta mkorosho kutoka Brazili katika karne ya 16, nasi tumeishi na mafuta hayo tangu wakati huo. Kaa na kina mama wanaobangua korosho Mtwara au Lindi utaona: kokwa linakaangwa mpaka mafuta yanashika moto, moshi unachoma macho, kisha kila moja linagongwa upande wa mbonyeo mpaka ganda linafunguka, na mwenye busara amepaka mikono majivu kwanza. Asiyepaka hutoka ngozi vidoleni, nyeusi, tabaka kwa tabaka. Mafuta yayo hayo yana soko viwandani, yanaingia kwenye breki za magari na kwenye rangi. Inaniuma kwamba bidhaa yenye thamani kiasi hicho bado inabanguliwa na watu wasionunuliwa glavu.

Mwezi Aprili 1982, huko Pennsylvania, watoto wa timu za besiboli waliuza korosho kuchangisha fedha. Muda si muda watu 54 wakawa na vipele kama vya poizoni aivi, na hakuna aliyekuwa amepita kichakani. Wachunguzi wa afya walifuata nyayo hadi kwenye pakiti zenyewe: korosho zilitoka Msumbiji, na ndani yake mlikuwa na vipande vya magamba. Walaji walikuwa wamemeza mafuta. Miili iliyofunzwa na jani la Amerika ilimtambua binamu yake wa pwani ya Afrika na kumshambulia.

Kwa maembe kisa ni cha ajabu zaidi. Mwaka 2005 madaktari wa Israeli walieleza habari za vijana 17 wa Kimarekani waliokwenda kuchuma maembe huko wakapata vipele vikali. Waisraeli waliochuma nao bega kwa bega hawakupata kitu. Tofauti ilikuwa kwamba Wamarekani walikuwa wametoka maeneo yenye poizoni aivi. Madaktari hao walidhani kwamba anayekula maembe tangu utotoni hujenga uvumilivu kupitia mdomoni, kabla ngozi haijafunzwa uadui. Nalipenda wazo hilo, ila lisichukuliwe kuwa kinga. Wapo watu wa kwetu ambao utomvu wa kikonyo cha embe huwachubua midomo kila msimu. Tatizo liko kwenye utomvu na ganda, si kwenye nyama ya tunda. Kwa hiyo aliyewahi kushambuliwa na jani huko Marekani asing'ate embe na ganda lake wala asigugune ganda kwa meno. Amenyewe na mtu mwingine, aoshewe, alile.

Upupu ni kitu tofauti kabisa. Vinyweleo vya Mucuna pruriens hudunga ngozi na kuingiza kimeng'enya kinachoamsha mishipa ya fahamu palepale, bila kuhitaji mzio wowote, na mwasho huisha baada ya muda mfupi. Majivu na matope husaidia kuvuta vinyweleo. Kwa urushioli majivu hayafai kitu.

Je, wajua kwamba kuna watu waliowahi kutafuna majani ya mmea huu ili kujikinga? Ni ushauri wa zamani Marekani, na umewaletea watu vidonda kinywani na mpaka sehemu ya haja kubwa. Vidonge na sindano za dondoo la mmea ziliwahi kuuzwa pia, zikaondolewa. Kwa miaka mingi mkemia Mahmoud ElSohly wa Chuo Kikuu cha Mississippi amekuwa akitafuta sindano ya kuzuia mzio huu, na imefikia kujaribiwa kwa watu, lakini bado haiuzwi.

Wakati huohuo mmea unanawiri. Katika msitu wa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, watafiti waliongeza hewa ukaa kwa miaka 6 hadi kiwango kinachotarajiwa katikati ya karne hii, na mwaka 2006 wakatangaza kwamba poizoni aivi ilikua zaidi ya mara mbili ya ile iliyoachwa kwenye hewa ya kawaida, tena urushioli yake ilikuwa ya aina kali zaidi. Ndege hula matunda yake meupe na kuyasambaza bila kudhurika. Swala wa huko huyala majani. Mbuzi nao huyashambulia kwa furaha, na sasa hukodishwa kwa makundi kusafisha viwanja badala ya dawa za kuua magugu. Mwaka 1992 watafiti wa California waliyapima maziwa ya mbuzi waliolishwa Toxicodendron diversilobum, yule ndugu wa milimani, wakaona sumu haikupita kwenye maziwa. Manyoya yao ni jambo jingine. Anayewakamua wakitoka kichakani avae glavu, na akimaliza aoshe mikono kwa kitambaa na sabuni ya vyombo.